Ukitaka kuona ndege Las Vegas, fuata maji machafu

Las Vegas ni jina la Kispaniola, na maana yake ni mabonde yenye majani. Anayeujua mji huo kwa picha za kasino atauliza: majani gani hayo, kwenye jangwa linalopata mvua ya takriban milimita 100 tu kwa mwaka? Hebu tuanzie hapo, maana jibu lake ndilo litakalokuonyesha pa kusimama na darubini yako.

Zamani bonde lile lilikuwa na chemchemi. Maji yalitengeneza kijito, nyasi na miti ikaota, na ndege wahamaji wanaovuka jangwa la Mojave wakapata pa kutua. Wapaiute waliishi na chemchemi hizo muda mrefu kabla ya wageni kufika. Baadaye reli nayo ikafuata maji hayohayo, kwa sababu injini za mvuke haziendi bila maji. Tarehe 15 Mei 1905 viwanja vikapigwa mnada, na mji ukaanza.

Mji ukakua, visima vikaongezeka, maji ya ardhini yakashuka. Kufikia 1962 chemchemi zilikuwa zimeacha kabisa kutoa maji juu ya ardhi. Samaki mdogo aliyepatikana katika bonde hilo peke yake akatoweka duniani.

Ungedhani ndege nao walikwisha, si ndiyo? Kumbe walihama tu. Mji ulikuwa unavuta maji kutoka Lake Mead, ziwa lililotokana na bwawa la Hoover. Maji ya jikoni na vyooni yakishasafishwa yanamwagwa kwenye mkondo uitwao Las Vegas Wash, na kurudi ziwani. Mkondo huo ukawa mto usiokauka, matete yakaota, ndege wakaja. Katika mji jirani wa Henderson, mabwawa ya majitaka yalivutia ndege wengi kiasi kwamba mwaka 1998 yalifunguliwa rasmi kwa watazamaji.

Lakini maji hayo yalileta balaa pia. Kadiri watu walivyoongezeka, mkondo ulipata nguvu na kuchimba ardhi. Ardhi oevu ya ekari 2,000 hivi miaka ya 1970 ilibaki kama ekari 200 mwishoni mwa miaka ya 1990. Ilibidi vijengwe vizuizi vya mawe na kupandwa mimea upya.

Kwa hiyo ukifika, damka mapema. Nenda Henderson ukaone bata, halafu Clark County Wetlands Park, pembeni mwa mkondo wenyewe. Ukipata usafiri, nenda Corn Creek, kaskazini-magharibi mwa mji, ndani ya hifadhi iliyoanzishwa 1936. Pale chemchemi bado inatoka, na majira ya kuchipua wahamaji wadogo hujaa kwenye miti yake. Ukisimama hapo unapata picha ya jinsi bonde zima lilivyokuwa.

Mji wowote wa jangwani, kabla hujauliza ndege wako wapi, uliza maji yanatoka wapi na yanaishia wapi. Las Vegas, jibu linatia wasiwasi: Mto Colorado unaolijaza Lake Mead umepungua sana tangu karne hii ianze. Chemchemi zilipokauka, ndege walikuwa na mkondo wa kukimbilia. Mkondo nao ukikauka, chemchemi za mjini hazipo tena za kuwapokea.