Kupitisha poti kwenye ukuta wa moto wa Linux

Seva yenye anwani ya ndani, tuseme 192.168.1.20, haifikiki kutoka intaneti. Kinachoonekana huko nje ni mashine ya mpakani tu, yenye anwani ya umma. Kupitisha poti ni kuiagiza mashine hiyo iyapokee maombi yanayofika kwenye poti fulani na kuyapeleka kwa seva iliyo ndani.

Katika Linux, kazi hii hufanywa na Netfilter, iliyomo ndani ya kerneli tangu toleo la 2.4 la mwaka 2001. Msimamizi huiagiza kwa iptables, au kwa nftables iliyoingia katika toleo la 3.13 mwaka 2014. Amri ya kwanza ni hii, eth0 ikiwa kiolesura cha upande wa intaneti:

iptables -t nat -A PREROUTING -i eth0 -p tcp --dport 8080 -j DNAT --to-destination 192.168.1.20:80

Pakiti inayolenga poti 8080 hubadilishiwa anwani hapo hapo, kabla kerneli haijaamua iende wapi. Lakini kubadilishiwa anwani si kuruhusiwa kupita. Kwanza net.ipv4.ip_forward iwe 1. Kisha mnyororo wa FORWARD uwe na sheria inayoiruhusu. Hapa ndipo wengi hukwama: wanaandika 8080, ilhali pakiti inapofika FORWARD poti yake imeshakuwa 80.

iptables -A FORWARD -p tcp -d 192.168.1.20 --dport 80 -j ACCEPT

Majibu nayo yanahitaji ruhusa ya kutoka, kwa sheria ya miunganisho iliyokwisha kuanzishwa (ESTABLISHED). Kerneli hukumbuka kila muunganisho, hivyo hurudisha anwani ya umma kwenye jibu yenyewe, bila amri nyingine. Sharti ni moja: jibu lipite kwenye mashine ile ile. Seva ikiwa inatumia ruta nyingine kutokea nje, kumbukumbu hiyo haisaidii kitu.

Tatizo hilo hilo humpata aliye ndani anayeiita seva kwa anwani ya umma, hata ukiondoa -i eth0 ili sheria ya DNAT imhusu naye. Seva humwona jirani yake na kumjibu moja kwa moja. Yeye aliyeuliza anwani ya umma hulikataa jibu la 192.168.1.20. Dawa nyepesi ni DNS ya ndani itaje anwani ya ndani, naye atumie poti 80.

Amri hizi hupotea mashine ikiwashwa upya, basi zihifadhi. Na kama wanaohitaji seva wanajulikana, taja anwani zao kwa -s. Usiifungulie dunia nzima.