Watoto wa Mtunya

Ugogo ina msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili. Ikikosekana, hakuna vuli ya kufidia. Ndiyo maana wazee wa Dodoma walizoea kukumbuka miaka kwa majina ya njaa, na hakuna jina zito kama Mtunya, njaa iliyoanza Vita Kuu ya Kwanza ikielekea ukingoni na kwisha kama 1920.

Ukame peke yake usingefanya maangamizi yale. Wajerumani walichukua ng'ombe na nafaka. Waingereza walioingia Dodoma Julai 1916 nao wakataka vyao, pamoja na wanaume wa kubeba mizigo ya jeshi. Vihenge vikabaki vitupu, wa kulima hawapo, kisha mvua ikakatika. Mwishoni mwa 1918 mafua makali yakawakuta watu wamekwisha kudhoofu. Inakadiriwa Wagogo 30,000 walikufa, kati ya 150,000.

Mtoto ndiye aliyelipa. Zilipozidi shida, mzazi alimweka mwanawe rehani, mara nyingi binti: anamkabidhi kwa mwenye chakula, anapewa uwele au mtama, akiahidi kumkomboa mambo yakitengemaa. Leo ni rahisi kumlaani baba huyo, lakini tembe lililokuwa na chakula ndilo lililokuwa na uhai. Ubaya ni kwamba safari hii ng'ombe wa kukombolea walikuwa wamekwisha. Mtoto akabaki ugenini, akitwanga na kuchota maji kwa watu wasio wake, bila baba wala mjomba wa kumsemea. Sheria ya 1922 ilifuta utumwa Tanganyika. Haikuja na ng'ombe.

Walishika nini waliopona? Kwanza ukoo, kwa wale ambao bado walikuwa nao. Pili, dini. Kanisa lenyewe lilikuwa na majeraha: wakati wa vita Wajerumani waliwaweka kizuizini wamisionari wa Kianglikana wa shirika la CMS, waliokuwa na kituo Mpwapwa tangu miaka ya 1870, na walimu wao Waafrika wakafungwa na kuchapwa wakidaiwa kuwa wapelelezi. Vita ilipokwisha, walimu wa namna hiyo wakarudi kufundisha kusoma na kuomba. Kwa mtoto asiye na kwao, ubatizo ulileta jina jipya na wazazi wa ubatizo. Yaani watu wa kumwulizia asipoonekana. Tusiwapambe wamisionari: shule za misheni nazo zilikuwa na fimbo. Ila huko mtoto aliambiwa kwamba yuko Mungu anayemjua kwa jina, na kwa aliyepimwa kwa vibaba vya mtama hilo halikuwa neno dogo. Mwaka 1927 Waanglikana wakapata dayosisi yao ya Tanganyika ya Kati, chini ya Askofu George Chambers kutoka Australia.

Miaka ya Mtunya ndiyo iliyompokea Mathias Mnyampala, mshairi Mkatoliki aliyezaliwa Ihumwa, mashariki ya Dodoma, mwaka 1917. Mwaka 1954 alichapisha Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika. Mwaka 1963 akaitoa Injili kwa tenzi, na 1965 zikafuata Zaburi, mashairi yanayomlilia Mungu kwa njaa, maadui na upweke. Alifariki 1969. Ngonjera alizoziasisi, tungo za kujibizana, zilienea shuleni baada ya Azimio la Arusha, na watoto wa nchi nzima wakawa wanasimama mbele ya watu wazima kubishana kwa vina.