Mkasi wa Rowley na lukemia inayokaidi dawa

Mei 2026 kidonge cha Glivec, dawa ya lukemia ya polepole, kilitimiza miaka 25 tangu kiidhinishwe Marekani. Habari hiyo si ngeni Kajiado. Wapo wagonjwa wa saratani ya damu waliokuwa wakidamka Kitengela na Isinya kuwahi matatu za Nairobi, kwa kuwa Kenya iliingia katika mpango wa kimataifa wa kutoa dawa hiyo bila malipo, na kliniki yake ikawa Nairobi Hospital.

Mizizi ya dawa hiyo ni mwaka 1960, mjini Philadelphia, ambapo Peter Nowell na David Hungerford waliona kromosomu fupi isivyo kawaida katika seli za wagonjwa wa lukemia ya polepole. Kipande kilichopungua kilikwenda wapi?

Jibu lilitoka Chicago, kwenye meza ya chakula. Daktari Janet Rowley, mama wa watoto wanne, alikuwa akirudi nyumbani na picha za kromosomu, anazikata kwa mkasi moja moja, kisha anazipanga mezani. Wanawe walimtania kwamba analipwa kuchezea wanasesere wa karatasi. Mwaka 1972 akaona, katika lukemia kali, kromosomu ya 8 na ya 21 zimebadilishana vipande. Mwaka uliofuata akakipata kile kipande cha Philadelphia: kilitoka kromosomu ya 22, kimehamia ya 9. Wataalamu wengi walimpuuza, wakishikilia kwamba vurugu hizo ni matokeo ya saratani, si chanzo. Jarida moja kubwa liliikataa makala yake. Hakurudi nyuma, na miaka ya 1980 uchunguzi wa jeni ukampa haki.

Jeni mbili zikiungana mahali pasipo pake, huzaa protini inayoiamuru seli izaane bila kukomaa. Kemo huua nyingi. Zinazobaki huendelea kutii amri hiyo, na ugonjwa hurudi. Katika lukemia ya watoto wasiotimiza mwaka, mara nyingi jeni iliyokatika ni KMT2A, na seli zake zaweza hata kugeuka aina, zikaikwepa dawa iliyolenga alama zake za awali. Dawa ya revumenib iliidhinishwa Marekani Novemba 2024 kwa lukemia ya KMT2A iliyorudi au kukaidi tiba, kwa walio na mwaka mmoja na zaidi, na tayari baadhi ya seli zimepata njia ya kuihepa.

Kitengela imejaa maghorofa na maabara za kupima malaria na sukari. Kipimo cha kuonyesha jeni ipi imehama bado ni cha kusafiriwa na kuchangiwa harambee. Haifai. Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ikilipie kabla chupa ya kwanza ya kemo haijatundikwa.