Mikono ya Palizi: Habari za Mazao na Magugu katika Nchi ya Kilosa

Wasomaji wetu, kila Mkristo aujua mfano wa Bwana wetu juu ya ngano na magugu, jinsi mwenye shamba alivyowazuia watumwa wake wasiyang'oe, ngano isije ikang'oka pamoja nayo. Mfano huo wahusu hukumu ya mwisho, wala si ruhusa ya kuacha shamba lichakae. Leo twataka kuutazama ugomvi wa mazao na magugu kuwa ni sehemu ya historia ya nchi, hasa nchi ya Kilosa na Mikumi. Maana tukiyapanga mambo ya miaka mia na zaidi, twaona kwamba mara nyingi aliyeamua ushindi si jembe wala mvua peke yake, bali ni mikono ya watu: siku za palizi mikono hiyo ilikuwa wapi?

Kwanza tuujue ugomvi wenyewe. Mhindi na gugu lililo jirani yake hula katika chungu kimoja: hugawana mwanga wa jua, maji na rutuba ya udongo. Mhindi ukiisha kuwa mrefu hutia kivuli, na magugu ya chini hudhoofika. Lakini siku za utoto wake, toka juma la pili au la tatu hata juma la sita hivi, ndizo siku za hatari. Palizi ikichelewa wakati huo, hata ukilisafisha shamba baadaye likawa kama uwanja wa kanisa, chakula kilichokwisha kuliwa hakirudi. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako.

Wazee wa Usagara na Uvidunda walijua njia yao ya kupunguza kazi hiyo. Walifyeka mwitu, wakachoma moto, wakapanda mtama katika majivu. Shamba jipya la namna hiyo huwa na magugu machache. Baada ya miaka michache magugu yalizidi na rutuba ilipungua, basi watu walihamia mahali pengine, na shamba la kale likarudi kuwa mwitu. Watu wengine wamewaita wahamaji wasio na akili. Kumbe pumziko lile lilikuwa palizi isiyo na jembe, maana miti iliyaua magugu kwa kivuli.

Zikaja zamani za Wadachi. Toka mwaka 1902 serikali yao iliwalazimisha watu wa pwani ya kusini kulima mashamba ya pamba chini ya maakida, na mashamba yao wenyewe yakakosa watu. Mwezi wa Julai 1905, huko Nandete katika nchi ya Wamatumbi, watu waling'oa pamba, na huo ukawa mwanzo wa Vita vya Maji Maji, ambavyo vilienea hata nchi za Kilosa. Tufikiri vema jambo hili. Pamba ni mmea mzuri wenye faida, lakini machoni pa mtu ambaye mtama wake umesongwa kwa sababu yake, pamba yenyewe imekuwa gugu.

Mwaka 1907 mwenye viwanda vya nguo kutoka Württemberg, jina lake Otto, alianzisha shamba kubwa la pamba karibu na Kilosa. Alileta majembe yaliyovutwa kwa mashine za mvuke, ajabu kubwa kwa siku zile. Lakini mashine ile yaweza kupindua udongo tu. Haijui kutenga mche wa pamba na jani la porini. Kazi hiyo ilitaka vidole na macho ya watu. Nao watu walitakiwa nyumbani siku zile zile, kwa kuwa mvua iletayo magugu ya bwana ndiyo iletayo magugu ya mtumishi. Kwa hiyo wenye mashamba makubwa walilalamika kwamba vibarua huondoka kazini msimu wa kulima ufikapo. Walidhani ni uvivu. Sisi twaona walikwenda kupalilia chakula cha watoto wao.

Zamani za Waingereza mashamba ya mkonge yalipanuka pande za Kimamba na Kilosa, na wanaume wengi walikwenda kukata mkonge kwa mshahara. Nyumbani jembe lilibaki mkononi mwa mama, naye ana mtoto mgongoni, ana maji ya kuteka na kuni za kutafuta. Upande wa Mikumi, ambako Hifadhi ya Taifa ilianzishwa mwaka 1964, kuna shida nyingine tena. Mwenye shamba karibu na hifadhi hulala katika dungu akiwalinda tembo na nguruwe wa mwitu wasile mazao. Mtu aliyekesha usiku kucha atapalilia kwa nguvu gani asubuhi? Hivyo tembo hula shamba mara mbili: mara kwa mdomo wake, na mara kwa mdomo wa magugu.

Miaka ya 1970 watu walikusanywa katika vijiji. Walipata shule na zahanati karibu, lakini mashamba yaliyo karibu na vijiji yakalimwa mwaka hata mwaka bila kupumzika. Huko ndiko astawiko adui aitwaye kiduha. Maua yake ni mazuri, mekundu, lakini kazi yake ni ya mwizi. Magugu mengine hugombania chakula udongoni. Huyu huingiza mizizi yake ndani ya mizizi ya mhindi au mtama, akanyonya. Hudhuru kabla hajachomoza juu ya ardhi, wala jembe halimwoni. Mbegu zake ni ndogo kama vumbi, mmea mmoja huzaa maelfu mengi, nazo hukaa udongoni zaidi ya miaka kumi zikingoja mzizi wa kushika.

Basi hapa mikono peke yake haitoshi. Yataka na maarifa. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Ilonga, karibu na mji wa Kilosa, kimefanya kazi nyingi juu ya adui huyu. Mwaka 2002 wakulima wa Tanzania walipewa mbegu mbili za mtama zinazomstahimili, ziitwazo Hakika na Wahi. Tena kiduha hupenda udongo uliochoka, kwa hiyo kuurutubisha udongo ni kumpiga. Kusini, huko Peramiho, Padre Gerold Rupper wa Wabenediktini aliwafundisha wakulima kupanda marejea, mmea unaolisha udongo na kuyasonga magugu. Na kiduha kionekanacho king'olewe kabla hakijatoa mbegu, ili kisiwarithishe wajukuu deni.

Tumeona basi kwamba shamba lenye majani si ushuhuda wa uvivu siku zote. Mara nyingi ni ushuhuda wa mikono iliyochukuliwa: na pamba ya serikali, na mkonge, na ulinzi wa usiku, na ugonjwa, na kifo. Kwa hiyo, ndugu, tukipita njiani tukaona shamba la mjane limesongwa, tusitikise kichwa tukaenda zetu. Tukusanyike watu kumi na majembe yetu, tumpalilie asubuhi moja, na iwe katika majuma yale ya kwanza, wala si baada ya mahindi kugeuka manjano. Tena watoto wasitolewe shuleni kwa kazi hiyo, maana akili ya mtoto nayo ni shamba, na siku zake za palizi ni chache.