Mnara wa Malkia, Njia za Wafumaji

Kilima cha Darwen, katika jimbo la Lancashire huko Uingereza, kina kimo cha mita 372 tu. Aliyekulia karibu na milima yetu hatakipa heshima ya kuitwa mlima. Nilikipanda asubuhi moja ya upepo, nikipita kwenye nyika ya majani magumu na udongo mweusi wa mboji. Kila nilipogeuka niliuona mji bondeni, na juu ya mapaa yake dohani ya India Mill, kiwanda cha pamba cha karne ya 19, yenye kimo cha zaidi ya mita 90. Dohani hiyo haitoi tena moshi. Jina la kiwanda lingali linakumbusha soko la mbali lililoulisha mji huu.

Kileleni upo mnara wa mawe uliofunguliwa mwaka 1898. Jina lake rasmi ni Mnara wa Jubilei, kwa heshima ya miaka 60 ya utawala wa Malkia Victoria. Mgeni akiishia kwenye jina hilo, ataondoka akidhani kwamba kilima hiki ni ukumbusho wa taji. Sivyo.

Kwa vizazi vingi wakulima na wachimba makaa walipita njia za nyika hii bila kumwomba mtu ruhusa. Katika miaka ya 1870 mwenye ardhi, Mchungaji William Duckworth, aliyekuwa akiishi mbali huko Somerset, alianza kuzifunga ili ndege wa kuwindwa wasisumbuliwe. Wanaume kadhaa wa mji walikaidi, wakaendelea kupita, wakashtakiwa kwa kuingia katika ardhi ya mtu. Mvutano ulidumu karibu miaka 20. Mwaka 1896 njia zilifunguliwa, na umati ukapanda kilimani kusherehekea. Mnara ulijengwa miaka miwili baadaye, furaha hiyo ikiwa bado mbichi.

Fikirini maana ya njia hizo kwa mtu aliyeshinda wiki nzima ndani ya kelele na vumbi la pamba. Jumapili ilikuwa siku yake pekee ya kuvuta hewa safi, na hewa hiyo ilikuwa juu ya kilima. Aliyefunga njia alimnyang'anya siku hiyo moja.

Sheria ya Bunge ya mwaka 2000 iliyotoa haki ya kutembea katika nyika za Uingereza na Wales ilikuja zaidi ya karne moja baadaye. Waliotangulia hawakuwa na sheria hiyo mkononi. Walikuwa na mazoea ya miguu yao na ukaidi wa kutoyaacha.

Nilishuka nikiwaza viwanja vyetu vya wazi na vichochoro vya kwenda ufukweni vinavyozungushiwa uzio kimyakimya. Njia ya umma haifi siku inapofungwa. Hufa siku wapitaji wanapokubali kuzunguka.