Jaji aliyewafuata wenye ardhi vijijini

Nimetoka zamu ya usiku, usingizi hauji, acha niwape kisa cha huku Kanada.

Miaka ya 1970 makampuni yalitaka kupitisha bomba la gesi kutoka pwani ya Aktiki, kufuata bonde la mto Mackenzie hadi kusini. Wadene na Wainuvialuit wakauliza: ardhi ya mababu zetu, nani kawapa ruhusa? Mwaka 1974 serikali ikamteua Jaji Thomas Berger achunguze. Huyu bwana hakuwasubiri ofisini. Alikwenda kwenye makazi 35, akasikiliza watu karibu 1,000, wawindaji na akina bibi, wengine wakisema kwa lugha zao. Mei 1977 akatoa ripoti: bomba la bondeni lisubiri miaka 10, madai ya ardhi yamalizwe kwanza.

Wapo waliodhani watu wale wanakataa maendeleo. Kumbe walitaka haki itangulie! Wainuvialuit walikubaliana na serikali mwaka 1984, Wagwich'in 1992, Wasahtu 1993. Mradi ulipofufuliwa miaka ya 2000, walikaa mezani kama wenye ardhi, na kampuni ya wenyeji ikatengewa theluthi moja ya bomba. Serikali iliidhinisha mwaka 2011, lakini bei ya gesi ilikuwa imeshuka, na mwaka 2017 mradi ukafa.

Bomba hawakupata, ila ardhi wanayo kwa maandishi.

Baba mdogo, shamba la babu bado halina hati. Tusingoje mgeni mwenye fedha ndipo tuanze kutafuta mipaka. Gharama za kupima tutachangishana.