Bibi Hapimwi Akili

Mwambie mtu mzima "twende ukapimwe akili" uone atakavyokujibu. Kwa Kiswahili hayo ni matusi, maneno ya ugomvi wa kituo cha daladala, na nyuma yake husikika hospitali za wagonjwa wa akili: Mtanzania husikia Mirembe na Mkenya husikia Mathari. Hata hivyo ndivyo tunavyomwambia bibi wa miaka 78 aliyeanza kupotea njia akitoka kanisani. Akigoma tunasema uzee umemfanya mkaidi. Mimi naona bibi ana haki ya kugoma, maana ametukanwa, na waliomtukana walidhani wanatumia istilahi ya kitabibu.

Akili ni neno lenye mzigo mkubwa. Mwenye akili timamu si kichaa. Mtoto mwenye akili hushika namba moja darasani. Mwenye akili za mjini hatapeliwi. Ukisema mzee "akili zimepungua" umegusa yote hayo kwa mpigo, ukakaribia neno punguani, ambalo hakuna anayestahili kuitwa.

Wataalamu wenyewe wana vipimo vya aina mbili, na Kiswahili chetu cha kila siku huvichanganya. Kuna kipimo cha kiwango cha akili, kama kile alichokichapisha David Wechsler wa hospitali ya Bellevue, New York, mwaka 1939. Humo 100 si hesabu ya majibu sahihi. Ni wastani wa watu wa rika lako. Rika ni neno letu la zamani na hapa limekaa pake hasa: mzee wa miaka 75 na kijana wa 25 wanaweza wote kupewa 100 hata kama mzee amejibu maswali machache zaidi, kwa kuwa kila mmoja amelinganishwa na wenzake. Sasa mchukue mwalimu mkuu mstaafu aliyewaacha mbali wenzake maisha yake yote. Anaweza kuporomoka mpaka akafika 100, na karatasi ikasema hana tatizo. Yeye wa zamani hayumo katika hesabu hiyo.

Aina ya pili ni vile vipimo vifupi vya alama 30: cha Marshal Folstein na wenzake cha mwaka 1975, na cha Montreal, kazi ya Ziad Nasreddine na wenzake, kilichochapishwa mwaka 2005. Hivi havikukusudiwa kupima akili. Vinauliza leo ni siku gani, tuko wapi, yale maneno niliyokutajia ni yapi. Vinatazama utambuzi.

Kipimo cha Montreal humtaka mzee achore saa ya mishale inayoonyesha, kwa hesabu ya Kizungu, kumi na moja na dakika kumi. Mkalimani anayefasiri papo kwa papo akisema "saa kumi na moja na dakika kumi", mzee aliyekulia Kiswahili anaijua saa hiyo vizuri: ni jioni, jua linashuka. Huenda akaupeleka mshale mfupi kwenye 5 na mrefu kwenye 2. Amepatia kabisa, naye atanyimwa alama. Mkalimani akisema kwa Kiswahili sanifu "saa tano na dakika kumi", aliyezoea saa ya ukutani ataupeleka mshale mfupi kwenye 11 bila kufikiri, lakini aliyejifunza saa kwa jua na adhana anaweza kuuweka kwenye 5. Kipimo hicho humwongezea alama moja mtu aliyesoma miaka 12 au pungufu. Anayehesabu saa kuanzia mapambazuko haongezewi kitu.

Ndiyo maana nawaheshimu watafiti waliotengeneza kipimo cha utambuzi kiitwacho IDEA wilayani Hai, Kilimanjaro. Kina maswali sita na alama 15. Mzee hapewi kalamu, anapanga njiti za kiberiti, anataja wanyama kwa dakika moja. Swali mojawapo ni daraja ni nini. Likiulizwa kwa Kiswahili, mwalimu akajibu kuwa ni cheo, mpimaji asikimbilie kuweka mkasi.

Lakini vipimo hivi vifupi vinaonyesha hali ya leo tu, na kudhoofika maana yake ni kushuka kutoka mahali fulani. Tutajuaje bibi alikuwa wapi? Uingereza, mwaka 1982, Hazel Nelson alitoa orodha ya maneno 50 ya Kiingereza yasiyoandikwa kama yanavyotamkwa. Mgonjwa aliyeyajua zamani mara nyingi bado huyasoma sawasawa, hivyo usomaji wake unadokeza alivyokuwa kabla ya ugonjwa. Mbinu hiyo haiwezekani kwetu: ajuaye herufi atasoma "kinyang'anyiro" hata kama hajawahi kukutana nalo. Kwa hiyo hatuna budi kuwauliza walioishi naye.

Nao wakiulizwa husema, "Siku hizi hatutambui." Neno la kuchukua nafasi ya akili, yaani utambuzi, limo nyumbani tayari. Najua utambuzi una kazi nyingine, hata polisi wana gwaride la utambuzi, lakini hilo halimvunjii mtu heshima. Kufifia nako nakupendelea kuliko kupungua. Kufifia kwa utambuzi: jina hilo daktari anaweza kuliandika, na mtoto anaweza kulisoma mbele ya mama yake. Japani ilifanya hivyo mwaka 2004, ikaacha chihō, jina lililoandikwa kwa alama za upumbavu, ikachukua ninchishō, ugonjwa wa utambuzi. Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, wanaweza kulisimamia hili, na hospitali zisisubiri.

Kwa bibi mwenyewe hata utambuzi ni neno kubwa mno. Mwambie, "Shikamoo bibi, daktari anataka kuangalia kumbukumbu yako, na mimi nitakuwepo." Huenda bado akakataa, lakini hapo atakuwa amekataa kupimwa, na unaweza kumwomba tena wiki ijayo.